Skrubu Nne za Mzee Sylvanus Njahani

YAH: OMBI LA KIBALI CHA KUFUNGUA SKRUBU NNE (4) ZA KIFAA CHA MRADI CHENYE NAMBA MTM/IFK/07, REJEA BARUA ZETU KUMI NA MOJA (11) ZILIZOTANGULIA.

Baba Paroko, ndugu wafiwa, shemeji zetu mliotoka Sanje, majirani wa Viwanja Sitini, na ninyi wawakilishi wa ofisi ya mradi mliokuja na shada, maneno hayo ndiyo kichwa cha barua ya mwisho aliyoiandika marehemu kaka yangu kwa mkono wake, na familia imeona historia yake ianzie hapo, kwa sababu mwenyewe alizoea kusema kwamba mtu hajazaliwa rasmi mpaka apewe kumbukumbu namba.

Marehemu Sylvanus Viktor Njahani alizaliwa tarehe 12 Machi 1956, upande wa Mahenge, akiwa mtoto wa tatu kati ya saba wa Mzee Viktor Njahani na Mama Eveline, wote wametangulia mbele za haki, na kwa masimulizi ya mama yetu siku hiyo mvua ilinyesha kutwa nzima bila mtu wa kuipima, upungufu ambao marehemu aliutaja kwa masikitiko hadi uzeeni.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1964 katika shule ya misheni, akamaliza la saba mwaka 1970, kisha akapelekwa kwenye mafunzo ya ufundi kwa miaka miwili, akafundishwa uashi, ambao hakuupenda, na akajifundisha mwenyewe kutengeneza redio, jambo ambalo halikuwemo kwenye ratiba, hivyo cheti chake kinamtaja kama mwashi, na hakuna mtu katika mji huu anayeweza kuonyesha ukuta aliojenga.

Alihamia Ifakara mwaka 1974, akatengeneza redio za watu kwa miaka kumi na miwili, akaajiriwa mwaka 1986 kwenye shamba kubwa la mpunga la Mngeta kama mtunza vipimo vya mvua, na tarehe 1 Julai 1994 akapewa kazi iliyomfanya ajulikane, ya kusoma kipimo cha mto Lumemo mara tatu kwa siku, saa moja asubuhi, saa saba mchana na saa kumi na mbili jioni, akiandika kwenye kaunta buku, na tunazo ishirini na sita hapa nyumbani, na siku ya harusi ya binti yake Frida alitoka ukumbini akiwa na suti, akaenda mtoni, akasoma, akarudi na matope hadi magotini kabla keki haijakatwa.

Tarehe 22 Septemba 1984 alifunga ndoa takatifu na Mama Aurelia, binti wa Mzee Fransisko wa Sanje, wakajaliwa watoto watatu, Valentino aliyezaliwa mwaka 1985, Frida mwaka 1988 na Gladness mwaka 1993, pamoja na wajukuu watano, na wote mnaowaona hapa mbele ndio hao, isipokuwa mdogo kabisa ambaye amelala.

Ni lazima niseme habari ya kanga, kwa kuwa wageni wetu wa kutoka mbali hawaifahamu. Kwenye kibanda cha kipimo kulikuwa na mlingoti, na maji yalipofika mita tatu marehemu alipandisha juu yake kipande cha kanga nyekundu ya mkewe, na akina mama waliokuwa kwenye majaruba ya mpunga ng'ambo ya mto walipoiona waliitana, "Silva kapandisha, jamani, acheni jembe tuvuke!", wakavuka kabla mto haujafunga njia, na Mama Aurelia alikuwa akiwatania wenzake kwamba yeye ndiye mwanamke pekee wilayani ambaye mumewe akianika nguo yake mji mzima unakimbia. Hivyo ndivyo walivyofanya kwa miaka ishirini na tatu, na katika miaka hiyo mto huo haukuchukua mtu hata mmoja aliyeiona kanga.

Marehemu alistaafu mwaka 2016 bila kuacha kusoma kipimo, na mwaka uliofuata ukaja Mradi wa Tahadhari ya Mafuriko Bondeni, ukamchukua kwa mkataba awe mlinzi wa kifaa. Kifaa hicho ni kompyuta nzima iliyojengwa juu ya kibao kimoja, ndogo kuliko kipande cha sabuni ya kufulia, iliyofungwa ndani ya kisanduku kwa skrubu nne, ikisoma kina cha maji kila baada ya dakika kumi, na maji yakifika mita tatu inatuma ujumbe kwenye simu mia nne na kumi na mbili. Pamoja nacho ikaja barua ya tarehe 3 Novemba 2017, iliyoagiza kwamba, ili kuondoa mkanganyiko wa taarifa, tahadhari zote zitolewe na mfumo peke yake, na matumizi ya vitambaa, ngoma, filimbi na vifaa vinavyofanana na hivyo yakome mara moja. Marehemu aliisoma barua hiyo mara mbili, akaishusha kanga, akaikunja, kwa kuwa katika maisha yake yote hakuwahi kukaidi karatasi yenye mhuri.

Tarehe 16 Aprili 2018, siku ya Jumatatu, umeme ulikatika na kurudi mara nne kabla ya saa sita mchana, kadi ya kumbukumbu ya kifaa, ambayo ukubwa wake ni wa ukucha, ikaharibika, kifaa kikazimika bila kumwambia mtu, na ujumbe haukwenda kwenye simu yoyote. Mama Aurelia alikuwa ng'ambo akipalilia mpunga pamoja na jirani yetu Happyness, naye Happyness anasema shemeji aliitoa simu kwenye mfuko wa plastiki, akaitazama, akautazama mlingoti, akasema, "Hamna kitu, twende taratibu," akatangulia. Happyness alishika mzizi akaokolewa. Mama Aurelia alipatikana siku ya Jumatano.

Marehemu alituambia kwamba mchana huo alikuwa mjini akitoa nakala za ripoti ya mwezi, na hatukuwa na sababu ya kumuuliza zaidi, kwani hata kaunta buku ya mwaka huo ina kipimo cha saa moja asubuhi, ina cha jioni, na mstari wa saa saba mchana uko wazi, mstari pekee ulio wazi katika vitabu vyote ishirini na sita. Ripoti ya ofisi ilisema kwamba mfumo haukurekodi ongezeko lolote la kina cha maji kwa siku husika, yaani kwa mujibu wa karatasi shemeji yangu alizama kwenye mto ambao haukupanda.

Tangu hapo kaka yangu alikuwa na neno moja tu. Kadi ilipokufa ililetwa nyingine, nayo ikafa, ikaletwa nyingine, na zote saba alizihifadhi ndani ya kiberiti juu ya kabati. Alikwenda kwa Yusuf, mwenye duka la simu pale mjini, ambaye yupo hapa leo, na Yusuf akamwambia kwa lugha anayoijua kila mtu, "Mzee Silva, shikamoo, lakini hii kadi ni ya mtu kuwekea picha za kipaimara, ninyi mnaiandikisha usiku na mchana kama karani wa mahakama, umeme ukikatika kalamu bado iko kwenye karatasi, lazima ichanganyikiwe." Dawa yake, alisema, ni diski ya SSD, ile ya kasi isiyo na kitu kinachozunguka ndani, ambayo hukaa kwenye kibao cha pili juu ya kile cha kwanza, na kuunganishwa kwa utepe usiozidi urefu wa kidole, na betri ndogo ya kushikilia umeme ili mashine imalize kuandika kabla ya kuzima. Kazi ya mchana mmoja. Ila lazima kisanduku kifunguliwe.

Na kisanduku ni mali ya mradi. Marehemu akaandika barua ya kwanza tarehe 14 Januari 2019, akajibiwa kwamba ombi lake limepokelewa, ya pili akajibiwa ajaze fomu kwa nakala tatu, ya nne akaulizwa kama skrubu zitakazofunguliwa ni zilezile zitakazorudishwa, na baada ya ya saba ikaja kamati ya watu watano na gari, ikavitazama vichwa vya skrubu vyote vinne, ikasaini kitabu cha wageni, ikala kuku wa Gladness, na ilipofika saa ya kufungua ikabainika kwamba hakuna aliyekuja na bisibisi, marehemu akawaazima yake, wakamwambia haimo kwenye orodha ya vifaa vilivyoidhinishwa. Hadi anafariki alikuwa ameandika barua kumi na mbili, na majibu ya mwisho, ya Machi mwaka huu, yanasema suala lake linafanyiwa kazi.

Ndugu zangu wa ofisi, linafanyiwa kazi kweli. Tarehe 9 Februari 2022, saa nne asubuhi, marehemu na Yusuf walizifungua skrubu hizo kwenye kibanda cha kipimo, wakasimamisha kibao cha pili juu ya vinguzo vinne vya shaba, wakachomeka diski na betri, wakaunganisha utepe, na mashine haikuiona, mpaka kaka yangu alipovaa miwani akasema, "Yusuf mwanangu, utepe umeuvisha ndani nje," wakaugeuza, ikaiona kisha ikaipoteza, kwa kuwa adapta ya zamani ya umeme ilikuwa dhaifu, wakabadilisha ikawa ya ampea tano, wakanakili kila kilichokuwa kwenye kadi, wakaiagiza mashine iamke kwa diski kwanza, nayo iliyokuwa ikichukua dakika mbili kuamka ikaamka kwa sekunde kumi na tisa. Wakarudisha skrubu zilezile. Barua aliendelea kuziandika kwa sababu, kama alivyoniambia, mwombaji akinyamaza ghafla watakuja kuangalia. Kama kuna hatua za kinidhamu, familia inaomba zielekezwe kwa marehemu, kwa nakala tatu.

Kuanzia siku hiyo kifaa hakijapoteza kipimo hata kimoja, na mchana wa tarehe 25 Aprili 2024 ujumbe ulifika kwenye simu zote mia nne na kumi na mbili, watu wakatoka majarubani wakiwa wazima, na ofisi ikapata cheti cha ubunifu, marehemu akaalikwa kwenda kupiga makofi, naye akaenda, akapiga. Gladness alimwomba siku hiyo airudishe na kanga mlingotini, maana simu nyingine huwa hazina chaji, baba yake akatoka nje, na sisi tukadhani ni uchungu wa mgane.

Kwa kuwa diski ilikuwa na nafasi kubwa, aliamua kuingiza humo vipimo vyote vya kaunta buku zake, zaidi ya elfu ishirini na tano, Gladness akisoma na yeye akibonyeza kwa kidole kimoja, kila jioni kwa miaka miwili, na kila walipofika kwenye ukurasa wa Aprili 2018 alisema waruke, watarudi.

Marehemu alianza kuugua mwezi Agosti 2023, akasumbuliwa na shinikizo la damu, kisha figo, akawa akihudhuria kliniki na kulazwa mara tatu hapa Ifakara, na tarehe 28 Mei 2025, akiwa wodini, alimwomba Frida amletee mashine, ikaeleweka kwamba mashine iko mtoni na haiwezi kulazwa, basi Yusuf akaunganisha simu ya Frida na diski ile kwa mbali, marehemu akaandika kwa dakika chache, akamrudishia simu, akasema sasa kazi imekamilika. Alifariki tarehe 3 Juni 2025, saa nne na dakika kumi asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na tisa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa upole, majirani wa Viwanja Sitini kwa maji, kuni, viti na kulala nasi matangani, Yusuf na jamaa zake waliosimamisha turubai kabla hatujaomba, Happyness ambaye tangu mwaka ule hajaacha kuleta mboga katika nyumba hii, na wafanyakazi wenzake wa mradi, ambao hawakujua, na kwa hiyo hawana kosa. Pumzika, kaka Silva, kipimo cha leo asubuhi tumekwisha kukisoma.

Limebaki jambo moja, ambalo marehemu aliagiza lisomwe baada ya shukrani ili watu wasije wakamshukuru tena, nasi tumelikuta juzi ndani ya diski, kwenye mstari uliokuwa wazi. Shemeji zetu wa Sanje, tunaomba mlisikie mkiwa mmekaa. Ameandika hivi:

16 Aprili 2018, saa saba mchana. Mita tatu na sentimita kumi na mbili. Nilikuwa kipimoni. Kanga ilikuwa mfukoni. Nilingoja mashine, sikuipandisha.