Bahari Yashtakiwa kwa Mayai ya Ndosho

Kijiwe chetu kiko Ndosho, mtaa wa Goma, mbele ya kibanda cha kahawa cha Fiston: ubao mmoja wa mkaratusi juu ya mawe mawili ya volkano. Jumanne ile asubuhi tulikaa wanne. Wa kwanza alikuwa Mahamudi Radjabu, dereva wa lori. Watu humwita Bandari, kwa sababu alifika Mombasa mara moja na tangu siku hiyo anarudi huko kila siku kwa mdomo. Wa pili alikuwa Julien Paluku, mshona nguo, aitwaye Komisheni, maana hakuna jambo asilolifungulia uchunguzi. Wa tatu, Jephté Muhindo, anauza chakula cha kuku na anaitwa Kilo Kamili, jina alilojipa mwenyewe. Mimi wananiita Muzee Diksionere, nami nimeacha kupinga. Fiston alikuwa amemimina duru ya kwanza, yenye tangawizi nyingi, alipofika Asumini binti Salumu, mjane anayefuga kuku wa mayai barabara ya nyuma. Aliweka bakuli na kopo katikati ya ubao bila kusalimu. Katika miaka tisa sijapata kumwona akipita bila kusalimu.

— Papa Jephté, angalia hii yai.

Halikuwa na ganda. Lilikuwa na ngozi tu, na lilitetemeka kila Mahamudi alipotikisa goti.

— Mama Asumini, kwanza jambo, alisema Jephté.

— Jambo iko ndani ya bakuli. Kuku yangu yote inataga hivi. Kumi na mbili imelala ubavu, miguu haishike tena. Fiston huyu alikuwa ananunua mayai kwangu, sasa anaitoa Gisenyi, kule Rwanda.

Fiston aliangalia thermosi yake.

— Zinapasukia njiani, Mama, alisema. Ningefanya nini?

— Sikukatazi. Minauliza mwenye kuniuzia unga.

Kwa msomaji asiyefuga, nieleze. Kuku wa mayai hulishwa unga wa maganda ya chaza wa baharini. Humo ndimo anamopata chokaa ya kujengea ganda la yai. Akiikosa, huichota katika mifupa yake mwenyewe, mpaka miguu inashindwa kumbeba. Kuku hana ujanja mwingine. Anatoa alichonacho.

Jephté hakushtuka. Alikunywa, akaweka kikombe, akafuta mdomo.

— Mama, mimi siko na kosa. Kosa iko ya bahari.

— Ya nani?

— Ya bahari. Haukusikia radio? Bahari imekuwa asidi. Inakula maganda ya nyama zake. Chaza anakuja na ganda nyembamba sawa karatasi, unga yake haina tena nguvu. Sasa mimi niende kutibu bahari?

— Kuku yangu haijaona hata ziwa hili la Kivu, alisema Asumini. Njo iangushwe na bahari?

— Mambo ya dunia yanashikana, Mama.

Julien alikwisha kuvua miwani, dalili kwamba uchunguzi umefunguliwa.

— Muzee Diksionere, hii ya bahari ni kweli ao ni ya kwake?

Nilitamani kusema ni ya kwake. Lakini ilikuwa kweli, na kweli haikatwi vipande kwa sababu ya anayeisema.

— Ni kweli, nilisema. Moshi wa viwanda na magari una gaz carbonique, yaani hewa ya ukaa. Ni hewa ile ile ya mazuku, inayolala mabondeni hapa kwetu na kuua mbuzi. Ile inayopanda angani, karibu robo humezwa na bahari. Ikichanganyika na maji inazaa asidi. Bahari haijawa siki, tusiseme uongo, lakini inasogezwa upande huo mwaka kwa mwaka. Wenye kujenga maganda ndio wanaoumia kwanza: chaza, konokono wa baharini, matumbawe. Watoto wao wanashindwa kujenga.

— Munaona? alisema Jephté. Muzee amenisemea.

— Sikukusemea wewe. Nimesema juu ya bahari.

Hakuna aliyenisikia. Mahamudi alikuwa amekwisha kuondoka kwenda Mombasa.

— Mimi nilifika pale, alisema. Nilitia kidole ndani ya maji, nikalamba. Ilikuwa chumvi. Asidi haikukuwako. Hii mambo ililetwa nyuma yangu.

— Na nani?

— Na soda. Fikiri, ndugu. Dunia nzima inakunywa soda. Kila mutu anateuka. Ile hewa inaenda wapi? Inashuka baharini. Maji hufuata mkondo, wazee walisema.

— Walisema maji, hawakusema kuteuka, nilijibu.

Julien alitikisa kichwa kwa huruma.

— Bandari, weye unafikiri kidogo sana. Ni Nyiragongo. Mlima wetu unatoa moshi usiku na mchana. Upepo unaubeba mpaka pwani. Kwa hiyo siye batu ya Goma njo tuliharibu bahari, na siku moja watatuita tribinali. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Kuku za Mama Asumini zimevunjika ya kwanza.

— Mlima una dhambi zake nyingi, nilisema, lakini moshi wake ni tone kando ya ule wa viwanda vyote vya dunia. Na kiwanda chetu sisi hapa ni kipi?

Hapo niliona hasira imepita katika nyuso zao, hasira ya kweli. Mahamudi ndiye aliyeitamka.

— Kwa hiyo batu wanachoma mafuta huko kwao, bahari inaumwa, na mama wa Ndosho njo anapoteza kuku. Sisi hatuna hata umeme wa kuchoma nao kitu.

— Njo vile, alisema Jephté haraka. Kasirikeni, lakini kasirikia wale. Mimi niko victime, naumia sawa Mama.

Asumini alimtazama muda mrefu. Nilimwona anaanza kuchoka, na uchovu wa mtu mwenye haki ni kitu kibaya kutazama.

Wakati huo mama mmoja aliyekuwa akipita na beseni la ndimu kichwani aliomba kahawa. Alisema jina lake ni Mukamugema, ametoka Rutshuru, na hapa Goma hajamaliza mwezi. Jephté aliliona lile beseni akasimama kama wakili aliyepata shahidi.

— Mama, nipe ndimu moja. Munabisha? Nitaonyesha kwa macho.

Aliinama, akaokota ganda la yai la kuchemsha alilotupa mteja wa asubuhi, moja katika yale ya Gisenyi. Alikata ndimu kwa kisu cha Fiston, akakamua. Matone yalipogusa ganda, vipovu vidogo vilizuka, vikachemka polepole na kutoa sauti nyembamba. Tuliinamisha vichwa vyote.

— Asidi inakula chokaa, alisema Jephté. Inaitafuna mbele yenu. Bahari inafanya hivi hivi kwa chaza.

— Inalia, alisema Mahamudi kwa sauti ya chini.

— Uchunguzi umefungwa, alisema Julien. Ngoja ngoja huumiza matumbo. Mama Asumini, bahari ina hatia.

Asumini alifunika bakuli kwa kitenge.

— Basi nitauza kuku kwa nyama kabla hazijakufa, alisema. Nilianza na tano, papa wa batoto alipofariki. Zilisomesha watatu. Kama ni bahari, nitashitaki wapi?

Jephté alimpa pole, na ilikuwa pole nzuri, yenye sauti ya kanisani. Alimwahidi gunia lingine, la maganda ya bahari nyingine ambayo haijaharibika.

Mukamugema alikuwa bado anaangalia vile vipovu, kikombe mkononi. Aliokota nusu ya ndimu iliyobaki.

— Na ndani ya hii kopo ni nini? aliuliza.

— Unga yenyewe, alisema Asumini. Unga ya maganda. Nilileta ili aione.

Mama yule alikamua ndimu juu ya unga mweupe. Maji yalizama kama yanavyozama mchangani. Alisubiri. Alikamua tena, mpaka kokwa zikaanguka. Tulisubiri naye, vichwa vimeinama kama mwanzo. Hakikuzuka kipovu hata kimoja.

Aliinua macho kwa Jephté. Hakuwa na hila, alitaka kujifunza.

— Papa, mbona hii haichemke? Haiko ganda?

Mahamudi alitazama barabara. Julien alivaa miwani, akavua, akavaa tena. Mimi ninayejua majina ya vitu nilitafuta jina la unga ule na sikulipata. Ganda likiwa jembamba au nene, likisagwa bado ni chokaa, na mtoto wa shule ya msingi angelijua hilo. Nililijua, nami niliketi pale nikimtolea mwizi ushahidi. Bahari inaumwa kweli, na mtu huyu alikuwa ameuvaa ugonjwa wake kama koti.

— Ile… ni sampuli ya zamani, alisema Jephté.

Asumini hakupaza sauti. Alichagua ndimu nne katika beseni, akazifunga katika ncha ya kitenge.

— Depo yako iko na magunia ngapi, Papa Jephté?

— Mama, tutaongea pole pole.

— Twende tufungue. Yote.

Mahamudi alisimama. Julien alisimama. Mimi nilichelewa kwa sababu ya magoti, lakini nilisimama.

— Ngojeni basi nimalize kahawa, alisema Jephté, na kushika kikombe kwa mikono miwili.

Fiston alitoka nyuma ya meza yake, akakichukua kile kikombe kutoka katika vidole vyake, akamwaga kahawa juu ya mawe.

— Imeisha, alisema.