Mtumbwi Uliotobolewa

Mama Asha hakuwa na shamba, hakuwa na ua wa kuzuia mbuzi, hakuwa hata na beseni zima. Alikuwa na mtumbwi mkuukuu wa marehemu mumewe. Akauinua juu ya mawe, akaujaza udongo, akapanda miche ya stroberi aliyoletewa na mkwewe wa Bibokoboko.

Hayo niliyasikia ndani ya teksi ya Lusenda kwenda Baraka, Mama Asha akimsimulia Mzee Useni, mwenye maboti.

"Lakini mbele, siku ya kwanza, niliziba matundu yote, sawa vile bwana alinifundisha. Mvua ikanyesha, mayi ikajaa, majani ikaanza kuoza. Nikasema, mukwe atasema nimeua zawadi yake! Nikakamata musumari, nikatoboa mutumbwi chini. Leo iko inazaa, Papa!"

"We mama! Kutoboa mutumbwi? Iyo ni mukosi!"

"Ulishaona mutumbwi inazama pa inchi kavu?"

Mzee Useni alinigeukia nimtetee. Mimi nikatazama ziwa nje ya dirisha.

Teksi iliposimama Baraka, bado mzee alikuwa anatikisa kichwa. Mama Asha alichomoa karatasi, akamsomea dereva mwingine, anayepanda milimani Bibokoboko: "Mukwe, miche iko mizima." Akaitia ndani ya bahasha, akaigandisha kwa kitonge cha ugali wake wa safari badala ya gundi, akamkabidhi.