Bustani ya Majini ya Harko Tjaden

Ndugu waombolezaji, majirani wa Veendam, na ninyi wanachama wa chama cha mimea ya majini, ambao leo mmefika wengi kuliko mnavyofika kwenye mikutano yenu, familia inawashukuru, na inaomba muda wenu mfupi tu, kwa kuwa marehemu aliamini kwamba mtu akisoma zaidi ya dakika kumi ameshaanza kudanganya.

Harko Tjaden alizaliwa hapa Veendam, mkoa wa Groningen, Ijumaa tarehe 14 Machi 1941, kitinda mimba kati ya watoto watatu wa mfanyakazi wa kiwanda cha wanga wa viazi, akasoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1947 hadi 1953, kisha shule ya ufundi hadi 1957, na katika miaka hiyo alileta nyumbani chupa ya magugu ya mferejini, mama yake akayamwaga, akaleta nyingine, mama akamwaga tena, hadi siku mama alipochoka kabla ya mwanawe, na ushindi huo, kwa maneno yake mwenyewe, ndio wa kwanza na wa mwisho alioupata kwa kubishana.

Tarehe 1 Aprili 1961 aliajiriwa kuwa mlinzi wa daraja, akainua daraja na kulishusha kwa miaka thelathini na saba, akipungia mkono mashua ambazo hazikusimama, mpaka tarehe 31 Desemba 1998, daraja lilipofungwa kamera na kuanza kuinuliwa na mtu aliyekaa mji mwingine, naye akaagwa kwa kupewa saa ya ukutani, kana kwamba kilichokuwa kimempungukia ni kujua saa ngapi.

Alifunga ndoa na Hilje Bosscher tarehe 9 Juni 1967, na tuseme ukweli, Hilje ndiye aliyekuwa mdomo wa nyumba ile, Harko alikuwa masikio, na mwaka 1970 wakajaliwa mtoto wao wa pekee, Frouke. Mwaka 1974 Harko alijenga sebuleni tangi la kioo lenye urefu wa mita mbili na nusu, lita mia nane za maji, na Hilje alipouliza, "Sasa kabati la vyombo likae wapi, Harko?" alijibiwa, "Vyombo havikui, mke wangu," na kabati likaenda kwenye korido, ambako limewagonga wageni viwiko hadi leo.

Mgeni akiuliza samaki wako wapi, Harko aliudhika kimyakimya, maana samaki walikuwa wapangaji tu, wenye nyumba walikuwa mimea: mifupi mbele, mirefu nyuma, kila aina na kundi lake, wekundu kidogo kama pilipili kwenye mchuzi, na katikati kijia cha majani kikipanda ngazi kwa ngazi kuelekea nyuma, ili jicho litembee lisifike mwisho. Kila Jumamosi alikata vichwa vya mimea kwa mkasi mrefu, akavipanda upya, akatoa ndoo kumi na sita za maji ya zamani, akaingiza kumi na sita za maji ya mvua kutoka pipa la bustanini.

Frouke alihamia New Zealand mwaka 1996, akawa anapiga simu kila Jumapili, wakati kwake ni Jumatatu tayari, na Harko alizoea kumwuliza kesho ikoje. Hilje alifariki tarehe 3 Februari 2009. Baada ya hapo nyumba ilinyamaza, na hakuna wa kulaumiwa, kwetu mtu haendi kwa mtu bila miadi, na Harko hakuwa mtu wa kuomba miadi.

Lakini majaji walikuja. Kila Septemba, katika mashindano ya matangi ya chama, majaji watatu wa wilaya huenda nyumba kwa nyumba, huketi mbele ya tangi saa nzima, hupima maji, huandika alama, na mwenye nyumba huwapa kahawa, na anayeshinda wilaya hutembelewa tena wakati wa baridi na majaji wa taifa. Sisi tulidhani Harko alipenda ushindi. Alishinda wilaya mara saba, na vikombe vyote tumevikuta chini ya sinki vikiwa na misumari ndani, kwa kuwa alichokitaka ni ile ziara ya pili.

Mei 2018 moyo wake ulianza kuchoka, miguu ikajaa maji, na daktari akamkataza kunyanyua kitu kizito kuliko birika. Ndoo zikapungua, mwani ukaota, kijia cha katikati kikaoza, na Septemba ilipokaribia Harko alifanya jambo alilowacheka wenzake miaka arobaini: alinunua mimea dukani, akaipanda wiki ile ile ya majaji.

Jumanne tarehe 18 Septemba jaji Jurrien Waalkens aliinama mbele ya kioo, akakaa hivyo kwa muda mrefu, kwa sababu mmea wa dukani hukuzwa hewani, na jani lake la hewani si jani la majini, ni nene, ni gumu, halijui kuyumba. Akasema taratibu, "Mzee Harko, majani haya yamezaliwa nje ya maji." Harko akamjibu, "Hata wewe umezaliwa nje ya maji, na kahawa tumekupa." Majaji wengine wawili walicheka, Jurrien hakucheka, akaandika alichopaswa kuandika, na Harko akawa wa nne, maana yake ziara ya pili haipo.

Jumamosi tarehe 6 Oktoba Jurrien alirudi peke yake. Harko alifungua mlango, akamtazama mikono, akauliza, "Karatasi iko wapi?" Jurrien akasema safari hii hakuja na karatasi, akauliza kwa nini mtu kama yeye afanye jambo la kitoto vile. Harko akasema, "Nilitaka mrudi." "Si ungesema tu, mzee." "Kwenye fomu yenu hakuna mahali pa kusema hivyo."

Jurrien alikunja mikono ya shati akaenda kwenye pipa. Alirudi Jumamosi kumi na moja, akabeba ndoo, Harko akielekeza kutoka kitini kwa ukali ambao hakuwahi kuutumia darajani, na mnamo Novemba majani mapya yalichipua, membamba, yanayoyumba. Harko alifariki Jumatano tarehe 19 Desemba 2018, nyumbani, akiwa na miaka sabini na saba.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, jirani yetu mama Trijnie aliyegundua kwamba pazia halijafunguliwa, walinzi wenzake wa madaraja, na Jurrien, ambaye hatuna alama za kutosha za kumpa.

Frouke, aliyefika jana, ameomba kahawa isinywewe hapa ukumbini, inywewe kwa baba yake. Sebule inatosha watu sita, kwa hiyo tutaingia kwa zamu, na wengine mtavumilia baridi barabarani mkisubiri, foleni nzima, mlangoni kwa Harko.

Lala, Harko, tunakuja.