Maisha ya Mwololo Kiilu, Mwalimu wa Kiitaliano wa River Road

Waombolezaji wenzangu, mimi ni Munyiva, dada mkubwa wa marehemu, na kabla sijasoma niseme wazi kwamba Haron, mwanafunzi wake, yuko rumande kwa kifo hiki, na mkewe Veronicah ameketi pale nyuma, msimkodolee macho.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Mei 1958 kule Mbooni, akasoma hadi darasa la saba, akafukuzwa kwa kumvunja kiranja jino, na mwaka 1979 akaandikwa mpishi na familia ya Waitaliano huko Kilimani, ambako mama wa nyumba alimfundisha lugha yao kwa mwiko, akikosea neno ni kichwani, naye akaamini hivyo ndivyo lugha huingia.

Tarehe 6 Desemba 1986 alimwoa Syokimau, wakabarikiwa na Beryl na Mwau, na majirani wao wa mtaa wa Satellite watasema walisikia mengi ukutani, lakini sufuria zilirushwa kutoka pande zote mbili, hilo nililiona mwenyewe.

Mwaka 2006 alifungua darasa River Road, juu ya duka la hadiwea la Gurmeet, akiwafundisha wanaokwenda Italia kutunza wazee, na kila kitenzi alikikata vipande kwa kuchapa meza na tyubu ya baiskeli, par-la-re, mapigo matatu, dor-mi-re, matatu tena, lakini pren-do-no hukazwa pale mwanzo, na sisi ulimi wetu umezoea kukaza kati, kwa hivyo watu wazima walinyoosha viganja, na wengi walipanda ndege mikono imevimba.

Tarehe 3 Machi mwaka huu Haron, aliyekuwa ameanguka mtihani wa kuzungumza mara mbili huku mkewe akiupita, alikosea hilo hilo, akachapwa viganja, akachapwa uso, marehemu akamwambia, "Wewe baki hapa mzee, mke aende akutumie sabuni," akainua tyubu tena, ndipo Haron akashika stuli akampiga kichwani mara mbili, madaftari yakalowa damu.

Marehemu alilazwa siku kumi na tisa, na tarehe 20, akili zikiwa timamu, aliniambia, "Dada, mimi ndiye nilianza, waambie polisi wamwachilie," nami ambaye hutangaza mimba za watu kabla ya wenyewe, neno hilo nililifungia kifuani kwa hasira, hata alipokata roho tarehe 22.

Syokimau na watoto wanalisikia sasa hivi pamoja nanyi, watanikasirikia, na Jumatatu saa mbili asubuhi nitakuwa kituoni kuliandikisha.

Tunawashukuru madaktari, wauguzi, majirani wa Satellite, Gurmeet aliyembeba mgongoni kushuka ngazi, na wanafunzi wote, hata mliochapwa.

Pumzika, Mwololo, na huko uliko weka mkono chini.