Maisha ya Eliana Petro Ntandu, Fundi wa Utemini Aliyesomea Ualimu

Ndugu na majirani mliotoka Singida Mjini, Ikungi na hapa hapa Ihanja, poleni kwa safari na kwa jua. Familia imenituma mimi, Festo, mdogo wake wa kumfuata, niwasimulie dada yetu. Nitajitahidi kusoma taratibu, ingawa habari zake hazisomeki taratibu.

Eliana alizaliwa tarehe 14 Machi 1983 hapa Ihanja, mtoto wa tatu kati ya watano wa Mzee Petro Ntandu na Mama Magdalena. Tangu utoto mikono yake haikutulia. Siku moja baba alirudi kutoka shambani akakuta kitanda chake kimefunguliwa vipande vipande uani. Kabla hajafoka, Eliana alimwahi: "Shikamoo baba. Kinapiga kelele, nataka nijue inatoka wapi." Jua halijazama kitanda kilikuwa kimesimama tena, na kelele imekwisha.

Alisoma shule ya msingi hapa kijijini kuanzia 1991 hadi 1997, kisha sekondari Singida Mjini, akamaliza kidato cha nne mwaka 2001. Hisabati ilimwangusha. Akajifunza useremala, na mwaka 2004 akaanza kazi kwenye karakana moja Utemini, kule Singida Mjini. Baadaye alifungua ya kwake. Wengi wenu mmelala kwenye vitanda vyake na kufunga milango yake.

Tarehe 23 Aprili 2005 alifunga ndoa na Simoni Kitundu, dereva wa lori. Mungu aliwajalia watoto wawili, Lea na Frank.

Sasa nifike pale alipopenda kuzungumziwa. Mapema mwaka 2022 alipeleka milango kwenye shule moja ya sekondari wilayani Ikungi. Alipokuwa anaifunga, wanafunzi walimzunguka kwa maswali. Kengele ya chakula ikagongwa na hakuna aliyeondoka. Alirudi nyumbani na vumbi la mbao kichwani, akamwambia mumewe, "Baba Lea, nataka kusomea ualimu."

"Ualimu wa nini?"

"Wa ubunifu na teknolojia. Wa kufundisha watoto kubuni vitu na kuvitengeneza."

"Na hisabati uliyofeli?"

"Nitairudia."

Mwaka huo Lea alikuwa kidato cha nne. Mama na binti wakawa wanasoma meza moja, na Lea ndiye aliyekuwa mkali. Novemba wote wawili waliingia kwenye mtihani, binti kwa sare, mama kama mtahiniwa binafsi. Matokeo yalipotoka, Lea aliyatafuta kwenye simu, ya mama yake kwanza. "Hisabati C, mama! C!" Majirani walikuja mbio na ndoo za maji, wakidhani karakana inaungua. Wakawakuta wawili hao wanacheza kwenye takataka za randa. Na Lea naye alikuwa amefaulu.

Oktoba 2023 alianza chuo cha ualimu Morogoro, akiwa na miaka arobaini, darasani na vijana wa rika la binti yake. Alikuwa akinipigia simu karibu kila jioni na kuongea bila kupumua. Mwaka uliofuata alikwenda kwenye mazoezi ya kufundisha kwa mara ya kwanza. Wanafunzi walitakiwa kutengeneza rafu za vitabu. Kila aliyekosea, Eliana alimpokonya msumeno akamwonyesha. Mwisho wa kipindi mkufunzi wake, Madamu Joyce, alizitazama rafu akamwambia, "Mama Lea, ni nzuri sana. Lakini zote umetengeneza wewe. Fundi nimemuona. Mwalimu bado."

Alinipigia siku hiyo hiyo. "Festo, leo nimesemwa!" Nikadhani analia, kumbe anacheka. "Na ni kweli!" Tangu hapo, kila alipoingia darasani, alitia mikono kwenye mifuko ya koti lake la kazi, akawaacha wakosee.

Desemba 2024 alianza kuumwa tumbo. Januari, madaktari Dodoma walikuta ni saratani. Tulimsihi aahirishe masomo. Mama alimwomba kwa machozi. Akasema, "Mama, nikiahirisha nitaugua huku nimekaa bure. Niacheni niugue nikifundisha."

Akaanza matibabu, na Februari akaenda kufanya mazoezi ya pili kwenye ile shule ya Ikungi aliyoifungia milango. Kazi aliyowapa wanafunzi ilikuwa hii: mchague mtu, mumuulize kinachomsumbua, mumtengenezee kitu cha kumsaidia. Kundi moja, likiongozwa na binti anayeitwa Martina, lilimchagua yeye. "Mwalimu, ukisimama muda mrefu unashika ukuta. Tukupime urefu?" Walichora, wakafuta, wakachora tena. Kiti cha kwanza kilipinduka. Eliana akawauliza tu, "Kwa nini kimepinduka?" Cha pili kilikuwa kirefu, chenye egemeo na miguu iliyotanuka, na kilimbeba hadi mwisho wa mazoezi. Madamu Joyce alikuja kumkagua, akamkuta amekikalia, na kipindi kizima Eliana hakugusa kifaa hata kimoja. Mkufunzi alipotoka alimshika mkono: "Leo nimemuona."

Mei alifanya mtihani wa mwisho. Julai matokeo yakamkuta wodini: amefaulu. Tulipiga kelele mpaka nesi akaja kutufukuza. Alipoambiwa sababu, akafunga mlango, kisha yeye mwenyewe akapiga vigelegele.

Eliana alifariki asubuhi ya Jumamosi, tarehe 9 Agosti 2025, nyumbani kwake Utemini, mkono wake ukiwa mkononi mwa Simoni.

Ameacha mume, watoto wawili, wazazi wote wawili na ndugu wanne. Ameacha pia wanafunzi waliokaa pale nyuma kwa sare zao. Nimewauliza nini niseme kwa niaba yao. Martina akasema, "Mjomba, waambie keshokutwa tuna kipindi. Tunabuni mlango wa choo cha wasichana, ule wa zamani haufungi."

Basi nimesema. Dada, Bwana akupe pumziko na amani yake. Hawa wana kipindi keshokutwa.