Bi. Hayfa Bataineh, Aliyetuandalia Mashine Kabla Hatujaketi

Tarehe 30 Juni, Bi. Hayfa Bataineh, ambaye sote tunamwita Mama Laith, anastaafu baada ya miaka ishirini na tisa ya kuhudumia kompyuta za Kituo chetu cha Vipimo vya Mvua na Mafuriko hapa Irbid. Nimeombwa kuandika habari zake kwa ajili ya hafla ya kumuaga. Yeye mwenyewe ameniomba nisiandike mengi, nami nimemtii kiasi.

Alipoajiriwa mwaka 1996, kila mtafiti alikuwa akihangaika kivyake. Mtu akipewa akaunti mpya kwenye mashine zetu za mfumo wa Unix, wiki nzima ya kwanza aliandika amri na kujibiwa kwamba amri hiyo haijulikani. Programu zilikuwapo, ila mashine haikuambiwa zilipo. Kazi ya kuiambia ni ya mafaili ya kuanzia: yale madogo ambayo majina yake huanza kwa nukta ili yasionekane ovyo, na ambayo mashine huyasoma kimyakimya kabla mtu hajaandika neno. Humo huwekwa njia za kufikia programu, lugha ya maandishi na vifupisho vya amri. Mama Laith aliandika faili moja la kituo kizima, kisha katika kila akaunti akaweka faili dogo linaloliita lile kubwa, na chini yake akaacha nafasi. "Juu ni pa kituo," alikuwa akituambia. "Chini ni pako, jipambie utakavyo."

Si wote tuliojipamba vizuri. Dakta Ghalib, mtaalamu wetu wa miamba, alimjia siku moja amenuna. "Mama Laith, mashine yako imezeeka. Haijui hata kuorodhesha mafaili."

Mama Laith akachungulia, akacheka. "Haijazeeka, Daktari. Umefuta njia zote ukabakisha ya kwako. Hapa mtu anaongeza, hafuti." Kisha akamfundisha, kama alivyotufundisha sote, kwamba ukibadili faili la kuanzia usifunge dirisha ulilomo. Fungua la pili kwanza, uone kama linakubali; likikataa, urekebishe kwa lile la kwanza.

Ninalomshukuru zaidi lilitokea Novemba 2004. Idi ilikaribia, na watu walilalamika kwamba mashine zetu hazina hata bashasha. Akaongeza mstari mmoja, ili kila anayeingia apewe salamu ya Idi. Tulifurahi. Siku chache baada ya sikukuu, mawingu yalijaa upande wa kusini, na vipimo kutoka kituo chetu cha bondeni, karibu na barabara ya korongoni, kilichofungwa tangu salamu iwekwe na kufunguliwa asubuhi hiyo, havikufika. Mkurugenzi wa wakati huo alikwisha kuamua kwamba fundi wa kule, Baba Nidal, bado yuko sikukuuni.

"Niko hapa tangu alfajiri, natuma, inakataa," Baba Nidal alisema kwenye simu. "Mnataka nile kiapo?"

"Huyu namsimamisha kazi leo," mkurugenzi akatuambia.

Mama Laith akachukua simu, akamwomba fundi asome kila kilichoandikwa kwenye kioo chake. Baba Nidal akasoma: "Idi njema kwenu nyote." Kisha akasema, "Basi. Baada ya hapo inakata."

Mama Laith alifumba macho. Salamu alikuwa ameiweka katika faili linalosomwa kwa kila anayeingia, hata mashine inayoleta vipimo. Mashine ile ilitarajia jibu la kazi, ikapokea salamu, ikakata mawasiliano.

"Fundi hana kosa," akamwambia mkurugenzi mbele yetu sote. "Mstari ni wangu. Kama kuna wa kusimamishwa ni mimi, ila niache nirekebishe kwanza." Akaihamishia salamu kwenye faili linalosomwa mtu mwenyewe anapoingia, na juu ya lile jingine akaandika kwamba kama hakuna mtu kwenye kibodi, ishia hapa. Vipimo vikamiminika. Maji yalikuwa yanapanda kwa kasi. Tukawapigia polisi, wakafunga barabara, na mafuriko yalipovuka korongo hayakukuta gari hata moja.

Hakusimamishwa mtu. Jioni Mama Laith alimpigia Baba Nidal kumwomba radhi, ingawa hakuna aliyemtaka afanye hivyo. "Umenitoa jasho, dada," fundi akamjibu, "lakini salamu nimezipata." Tangu hapo humletea zeituni kila msimu.

Wengi wetu hatujawahi kuyafungua mafaili yale. Tunaketi, tunaandika amri, inaitika. Kwa asubuhi zote hizo, tunakushukuru, Mama Laith.

Wiki iliyopita Rula, anayerithi nafasi ya Mama Laith, alimwuliza kama aiache wazi akaunti yake. "Ifunge," Mama Laith akasema. "Nikiwakumbuka nitakuja kwa miguu."

Basi uje, Mama Laith, na usikawie. Mungu akupe afya, akuzidishie furaha na wajukuu zako huko Ajlun, na ukifika mlangoni usibishe hodi, ingia tu.