Ng'ombe wa Mahari na Droni ya Bonifasi

Basi kwenye Noah ya abiria ya kwenda Butiama, Bonifasi alikuwa amepakata boksi la droni kama mtoto mchanga. Kesho ng'ombe wa mahari ya dada yake wanaletwa, na ameshaitangazia familia nzima kwamba atawapiga video kutoka juu.

"Mbona umechagua kadogo hivyo?" akauliza mama wa siti ya pembeni, ambaye hata hawajuani. "Ndio ya sisi tunaoanza, mama. Haisumbuagi." "Inalia?" "Kidogo tu, kama nyuki."

Mama alicheka mpaka kitenge kikamdondoka begani. "Kijana wangu, ng'ombe akisikia nyuki anakaaga apigwe picha?"

"Nimefanya mazoezi kule Bweri, juu ya kuku," Bonifasi akajitetea. "Wakafanyaje?" "Walikimbia kidogo." "Wakarudi?" Bonifasi akaangalia dirishani. "Mmoja bado."

Gari zima likacheka, hadi dereva aliyekuwa anajifanya hasikii. "Sasa hao ng'ombe wakikimbia kurudi kwa bwana harusi," mama akaendelea, "baba yako atapokea video?"

Mara gari likasimama. Kundi la ng'ombe lilikuwa linavuka barabara bila haraka yoyote, na dereva akazima injini.

"Hawa sio wa dada yako," mama akasema kwa upole. "Jaribu."

Abiria wote wakaligeukia boksi. Bonifasi, ambaye betri zote alizichaji zikajaa kabla ya kutoka nyumbani, akalikumbatia vizuri.

"Haina chaji, mama."